Hesabu ya Kuazima na Sanadi Yake: Msimbo wa Aljebra Ndani ya Daftari la Kompyuta

Mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichoko mjini Kakamega kando ya barabara iendayo Webuye, akipewa ringi yenye kikomo na kutakiwa aeleze muundo wa kundi la elementi zake zenye kinyume, hukuta njia mbili zimefunguka mbele yake. Ya kwanza ni kalamu, karatasi na subira, na kwa njia hii waliomtangulia katika vyuo vya magharibi mwa Kenya, ambako utafiti wa ringi za namna hii umeshika mizizi, wameandika burhani nyingi. Ya pili ni kuiagiza kompyuta ihesabu mifano midogo midogo, mmoja baada ya mwingine, mpaka sura ya kanuni ianze kudhihiri, ndipo arudi kwenye karatasi na kuthibitisha kwa hoja kile ambacho mashine ilimwashiria tu. Njia hizi hazigombani, walakini ya pili ina masharti ambayo aghalabu hayasomeshwi, kwa kuwa programu ijuayo hesabu hizo siyo ile aliyoifungua mwanafunzi: yeye amefungua daftari la Jupyter lenye kusema Python, ilhali elimu ya makundi imo katika GAP, elimu ya polinomia imo katika Singular, elimu ya namba kamili imo katika PARI, na elimu ya integrali na milinganyo imo katika Maxima.

Basi suala letu ni hili: msimbo wa aljebra uliotungwa nje huitwaje ndani ya daftari, hupita mikononi mwa nani kabla ya jibu kurudi, na jibu lenyewe, likisharudi, lastahili kuaminiwa kwa kadiri gani? Wanazuoni wa hadithi, ambao dini yao ilifika hata Mumias, katika Kaunti hii hii ya Kakamega, pamoja na misafara ya pwani ya karne ya 19, walikuwa na kaida ya kutoipokea matini ila wameijua sanadi yake, yaani mfuatano wa wapokezi waliopokezana neno mpaka likamfikia msikiaji; na mpokezi mmoja asiyejulikana alitosha kuidhoofisha riwaya nzima. Jibu la hesabu lililoazimwa lina sanadi vilevile, na rai ya makala haya ni kwamba kuita msimbo wa nje ni jambo jema na jepesi, bali jibu lisilo na sanadi halifai kuingia katika tasnifu, hata likiwa sahihi.

Kompyuta yenye kushughulika na herufi badala ya tarakimu tupu si uzushi wa jana. Mwaka wa 1968 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walianza kuijenga Macsyma, ambayo nakala yake moja ilitunzwa tangu 1982 na William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas, akapata idhini mnamo 1998 ya kuitoa kwa leseni huria, na baada ya kifo chake mwaka wa 2001 ikaendelezwa na wengine kwa jina la Maxima. Maple ilianza Waterloo, Kanada, mwaka wa 1980; PARI ilianza Bordeaux, Ufaransa, mwaka wa 1985, chini ya Henri Cohen; GAP ilianza Aachen, Ujerumani, mwaka wa 1986, chini ya Joachim Neubüser, na mwaka wa 1997 uratibu wake ukahamia St Andrews, Uskoti; Singular ilikulia Kaiserslautern; na Magma ikatoka Sydney mwaka wa 1993. Yafaa msomaji azingatie kwamba kila mmoja wa mifumo hii ulizaliwa katika nyumba ya mabingwa wa fani moja, ukachukua lugha, ada na mazoea ya nyumba hiyo, na haukukusudiwa tangu asili uzungumze na jirani yake. Na katika asili hiyo ndimo zilimotoka taabu nyingi tutakazozitaja.

Madaftari nayo yana historia yake. Mathematica ilipotolewa mwaka wa 1988 ilikuja na daftari ambamo maelezo, amri na majibu vilikaa katika ukurasa mmoja, nayo ilikuwa bidhaa ya kuuzwa. Mwaka wa 2001 Fernando Pérez, mzaliwa wa Kolombia aliyekuwa akisomea uzamivu wa fizikia huko Colorado, aliandika IPython ili kujirahisishia kazi yake. Mwaka wa 2011 IPython ikapata daftari la kufunguliwa katika kivinjari. Na mwaka wa 2014 sehemu isiyofungamana na lugha moja ikatengwa na kuitwa Jupyter. Baina ya matukio hayo, mwezi wa Februari 2005, William Stein alitoa toleo la kwanza la Sage, ambayo leo huitwa SageMath, akiwa na azma ya kuwapa wanahisabati badala iliyo huria ya Magma, Maple, Mathematica na Matlab. Hekima ya Stein ilikuwa kutoandika upya yale yaliyokwisha kuandikwa vizuri: aliichukua Python iwe lugha ya mazungumzo, akazifunga GAP, Maxima, PARI, Singular na nyinginezo nyuma yake, na kuifanya SageMath kuwa wasita baina ya mtumiaji na mabingwa ambao hawakuwahi kusikilizana.

Ili kuielewa sanadi ya jibu, ni lazima kwanza tujue kwamba ukurasa anaouona mwanafunzi katika kivinjari hauhesabu kitu. Akibonyeza kitufe cha kutekeleza seli, yaani kisanduku kimoja cha amri katika ukurasa huo, maneno aliyoyaandika hufungwa katika ujumbe wa muundo wa JSON na kupelekwa kwa mchakato mwingine uitwao kiini, ambao ndio wenye kumbukumbu na uwezo wa kuhesabu. Kiini hutekeleza, hurudisha jibu kwa ujumbe wa pili, na ukurasa hulipanga chini ya seli. Mapatano ya ujumbe huo yako wazi kwa kila mtu wala hayakufungwa katika lugha moja, na kwa hiyo zimepatikana tariki tatu za kuingiza aljebra ya nje katika daftari, kila moja ikiwa na fadhila yake na kasoro yake.

Tariki ya kwanza ni kuufanya mfumo wa aljebra wenyewe uwe kiini. GAP ina kifurushi cha kazi hiyo, na viini vya Maxima, PARI na Singular vimetungwa pia, hata daftari zima likawa linasema lugha ya bingwa huyo pasipo mkalimani. Sanadi hapa ni fupi kuliko zote: mwanafunzi aliandika, GAP ikasoma, GAP ikajibu. Upungufu wake ni kwamba daftari la namna hiyo halichanganyi mabingwa, na mtu atakaye kuhesabu kundi kwa GAP, kisha kuchora mchoro kwa Python, kisha kurahisisha polinomia kwa Singular, atalazimika kufungua madaftari matatu na kuhamisha majibu kwa mkono, na mkono, kama ajuavyo kila aliyewahi kunakili orodha ndefu ya tarakimu usiku, hukosea.

Tariki ya pili ni ya mtumishi wa pembeni. Daftari hubaki na kiini cha SageMath, lakini seli ikianza kwa alama %%gap au %%maxima, maneno yote yaliyo chini ya alama hiyo hupelekwa kwa programu iliyotajwa. Na iwapo programu hiyo haijaanzishwa, kiini huianzisha kama mchakato uliojitenga, huiandikia amri kana kwamba mtu ameketi kwenye kibodi, huingoja mpaka itoe alama yake ya kuonyesha iko tayari kwa amri nyingine, kisha husoma maandishi yaliyotoka na kuyaleta ukurasani. Fadhila ya tariki hii ni usalama wa daftari, kwa kuwa mtumishi akianguka, kiini hakianguki naye. Na pia ni upana, kwa kuwa programu yoyote yenye kupokea maandishi na kutoa maandishi yaweza kuitwa hivyo. Kasoro yake ni kwamba kila kitu hupita katika umbo la maandishi, na matriki yenye safu elfu na nguzo elfu hugeuka kuwa mlolongo wa tarakimu milioni moja za kuandikwa, kusomwa na kufasiriwa upya, hata muda wa kusafirisha ukauzidi muda wa kuhesabu.

Tariki ya tatu ni kuufunga mfumo wa nje kama maktaba ndani ya mchakato ule ule wa kiini, kama SageMath inavyofanya leo kwa GAP, PARI na Singular katika sehemu nyingi za kazi yake. Hapa hakuna maandishi ya kupitishwa. Elementi ya kundi huguswa moja kwa moja katika kumbukumbu, na hesabu ndogo zinazorudiwa mara nyingi huenda kwa kasi isiyolinganishwa na ile ya tariki ya pili. Lakini atakaye kasi hiyo na akubali hatari yake: maktaba ikipatwa na hitilafu kubwa, kiini chote hufa pamoja nayo, na kila kilichokuwa katika kumbukumbu hupotea. Kuna na njia ya kuita mfumo ulio katika mashine ya mbali kwa mapatano yaitwayo SCSCP, ambayo husafirisha maana ya hisabati katika muundo wa OpenMath badala ya maandishi ya lugha ya programu moja, lakini njia hiyo haijaenea katika matumizi ya kawaida.

Sasa na tuzitazame hatari, kwa kuwa ndizo zenye kudai sanadi. Ya kwanza ni ya sheria za lugha. Katika Python tupu, alama 2^3 haina maana ya mbili kipeo cha tatu, bali ni amri ya kulinganisha biti, na jibu lake ni 1. Katika daftari la SageMath maandishi yale yale hugeuzwa kabla ya kutekelezwa, na jibu huwa 8. Kadhalika 1/3 katika Python ni desimali iliyokatwa, ilhali katika SageMath ni sehemu kamili isiyopungua kitu. Katika GAP, mabadilishano mawili ya nafasi yakizidishwa, la kushoto ndilo litendalo kwanza, hata (1,2)*(2,3) ikawa (1,3,2). Bali vitabu vingi vya darasani huanza na la kulia, na kwa kaida yao jibu ni (1,2,3). Hakuna kosa katika lolote kati ya haya, ila kuna sheria mbili katika ukurasa mmoja, na alama moja iliyo juu ya seli ndiyo inayoamua ni sheria ipi inayohukumu.

Hatari ya pili, iliyo ya ndani zaidi, ni ya vitu vinavyofanana majina na kutofautiana asili. Tuchukue uga wenye elementi 9, ambao ni mfano wa kawaida kwa mtu anayetafiti ringi zenye kikomo. Waweza kujengwa kwa kuongeza kipeuo cha polinomia x² + 1 juu ya namba za moduli 3, na waweza vilevile kujengwa kwa kipeuo cha x² + 2x + 2, ambayo ndiyo polinomia ya Conway inayotumiwa na GAP. Nyuga hizi mbili ni sawa kimuundo, lakini kipeuo cha kwanza kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe hurejea kwenye 1 baada ya mara 4, na cha pili baada ya mara 8. Mwanafunzi akikiita kila kimoja kwa herufi a, kisha akapeleka maandishi yenye a kutoka programu moja hadi nyingine, programu ya pili itapokea kwa adabu, itahesabu bila kulalamika, na itarudisha jibu sahihi la swali ambalo hakuliuliza.

Hatari ya tatu ni ya mipangilio iliyofichwa na wasita. Ukiifungua Maxima peke yake na kuiomba kipeuo cha pili cha x², itakupa |x|, kwa sababu hudhani kwamba x ni namba halisi; bali SageMath inapoitumia Maxima katika kazi zake za kalkulasi huiambia tangu mwanzo kwamba uwanja ni wa namba changamano, na hapo dhana ile haitumiki tena. Kwa hiyo mtu aandikaye katika tasnifu kwamba alitumia Maxima hajasema neno la kutosha, maadamu Maxima iliyoitwa kwa mlango mmoja na Maxima iliyoitwa kwa mlango mwingine huweza kujibu tofauti. Fauka ya hayo, Maxima ni programu yenye tabia ya kuuliza: ukiiomba integrali ya x kwa kipeo cha n, hutaka kujua kama n ni −1, na mtu aliye mbele yake huijibu, lakini ikiwa nyuma ya daftari hakuna wa kuijibu, na SageMath hulazimika kukomesha hesabu na kumtaka mtumiaji atangaze dhana zake mapema. Wengi huliona jambo hili kuwa udhia. Sisi twaliona kuwa rehema, kwa sababu dhana iliyotangazwa hubaki imeandikwa ukurasani, ilhali jibu la papo kwa papo lingepotea na upepo.

Hatari ya nne ni ya daftari lenyewe, na hapa hali ya Kakamega inatoa ushahidi ulio wazi. Mji huu ni wa mvua nyingi na ngurumo za alasiri, na umeme ukikatika katika maabara yenye kompyuta za mezani, viini vyote hufa kwa pamoja. Umeme ukirudi, mwanafunzi hufungua faili lake na kuyakuta majibu yote yakiwa mahali pake chini ya seli, kwa kuwa faili huhifadhi maandishi na majibu. Lakini kumbukumbu iliyoyazaa haipo tena, wala GAP iliyokuwa imeanzishwa pembeni haipo. Akianza katikati, akatekeleza seli tatu na kuziruka mbili, ukurasa utaonyesha mchanganyiko wa majibu ya kikao kilichokufa na ya kikao kilicho hai, bila alama yoyote ya kuyatenganisha isipokuwa nambari ndogo za seli ambazo watu wachache huzisoma. Mwaka wa 2019 watafiti wa Brazil na Marekani walichapisha uchunguzi wa madaftari takriban milioni 1.4 yaliyowekwa hadharani, na katika yale waliyojaribu kuyaendesha upya, takriban robo tu yalifika mwisho bila kosa, na takriban 4 katika kila 100 ndiyo yaliyotoa majibu yale yale. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya madaftari kwa jumla, basi daftari lenye kuita programu nyingine tatu nyuma yake lina nyuzi nyingi zaidi za kukatika.

Hata hivyo haitakuwa insafu kudai sanadi nzito kwa kila jibu, kwa sababu majibu ya aljebra hayako katika daraja moja. Yako majibu yanayokuja na shahidi wake: ukiambiwa kwamba namba fulani ni zao la namba tasa mbili, zizidishe uone, ukipewa integrali, itafutie derivatifu, ukipewa kipeuo cha mlinganyo, kiweke mahali pake. Majibu haya hayajali yametoka wapi, na hata programu dhaifu ikiyatoa hupokelewa, kwa kuwa msikiaji huthibitisha mwenyewe. Yako na majibu yasiyo na shahidi: idadi ya vitu vyote vya aina fulani, kauli kwamba mlinganyo hauna suluhisho, kauli kwamba ringi mbili hazifanani kimuundo. Katika haya msikiaji hana cha kukigusa, na hapo sanadi ndiyo yote.

Mfano mkubwa wa daraja hili la pili ni hesabu ya makundi yenye elementi 1,024. Maktaba ya makundi madogo, ambayo huitwa kwa GAP na kwa hiyo huitwa pia kutoka katika daftari lolote la SageMath, ina makundi yote yenye elementi zisizozidi 2,000 isipokuwa ya 1,024, ambayo ni mengi mno kuorodheshwa. Humo mwanafunzi hupata kwamba makundi ya elementi 16 ni 14, ya elementi 64 ni 267, na ya elementi 512 ni 10,494,213. Kwa 1,024, Hans Ulrich Besche, Bettina Eick na Eamonn O'Brien walitangaza mwaka wa 2001 idadi tu bila orodha, nayo ilikuwa 49,487,365,422. Na kwa takriban miaka 20 namba hiyo ilinakiliwa katika makala na vitabu, mpaka David Burrell alipoihesabu upya na kuonyesha kwamba iliyo sahihi ni 49,487,367,289. Tofauti ni 1,867, nayo ni chembe kwa namba ya mabilioni, lakini katika hisabati chembe hiyo ni sawa na kosa zima. Ikiwa mabingwa wa fani, wakitumia programu walizoshiriki kuzijenga, waliweza kupitiwa, na ikiwa kosa lao liligunduliwa kwa sababu tu njia yao ilikuwa imeandikwa na kuwezekana kufuatwa tena, basi mwanafunzi asiyeandika njia yake ana udhuru gani?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kutokuita nje kabisa, bali kutumia SymPy, ambayo imeandikwa kwa Python tupu na kuingia katika daftari bila wasita. Kwa hesabu za mwaka wa kwanza na wa pili hoja yao ina nguvu, kwa kuwa SymPy ni nyepesi, husakinishwa katika Windows bila taabu, na kikao chake hakina mtumishi wa kuanguka pembeni. Lakini katika nadharia ya makundi na ya polinomia haifikii kina cha GAP na Singular, na mtafiti atakayejifunga humo atajinyima mazao ya miaka thelathini na zaidi ya kazi ya wengine. Wapo na watakaosema kwamba chuo kinunue Magma au Mathematica, mambo yaishe. Ubora wa mifumo hiyo haukanushiki, walakini leseni hununuliwa kwa fedha na huisha muda, na siku itakapoisha, kila daftari lililoitegemea hugeuka kuwa ukurasa wa kusomwa tu. Aidha mtahini wa Eldoret au Bagamoyo asiyekuwa na leseni ile hawezi kuiendesha upya hesabu anayotakiwa aihukumu. Zana huria hazina ubora wa kimiujiza, lakini zina sifa moja ambayo sanadi haiwezi kukosa: kila mpokezi katika mfuatano aweza kuitwa na kuhojiwa, kwa kuwa msimbo wake uko wazi.

Mfano ulio karibu na Kakamega kuliko yote ya kuita aljebra ya nje kwa nidhamu haumo katika daftari la mtafiti, bali katika mtihani wa mwanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha Maseno, tangu 2019, wahadhiri wa hisabati wamekuwa wakitumia STACK, mfumo ulioanzishwa na Chris Sangwin huko Birmingham mwaka wa 2004, ambao hupokea jibu la mwanafunzi ndani ya Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni, na kuipa Maxima ilipime: mwanafunzi huandika usemi wake kwa sura aitakayo, Maxima hutoa tofauti kati yake na jibu la mwalimu, na tofauti ikirahisishwa kuwa sifuri, jibu hukubaliwa. Mafunzo mawili yamo humu. La kwanza ni kwamba STACK haipeleki maneno ya mwanafunzi kwa Maxima kabla ya kuyachuja, kwa kuwa Maxima ina amri za kuigusa mashine yenyewe, kama ilivyo GAP. Na mtu aliyepokea daftari kutoka kwa asiyemjua yafaa akumbuke kwamba seli yenye kuita programu ya nje yaweza kufuta faili zake kama iwezavyo kuhesabu. La pili ni kwamba kuthibitisha usawa wa semi mbili si jambo linalowezekana daima: mwaka wa 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba hakuna kanuni moja ya kimashine iwezayo kuamua, kwa kila usemi wa aina pana ya kutosha, kama ni sawa na sifuri. Basi programu mbili zikitoa majibu yasiyofanana sura, tusikimbilie kusema zimepingana. Na mashine ikishindwa kuyasawazisha, hukumu humrudia binadamu.

Yabaki masuala ya vyombo. Mwanafunzi wa Kakamega aghalabu ana kompyuta ya Windows, na SageMath, ambayo ni ya gigabaiti kadhaa, huhitaji mfumo mdogo wa Linux uwekwe kwanza ndani ya Windows. Mtandao wa KENET huhudumia vyuo, lakini akitoka getini mwanafunzi hununua bando kwa fedha yake, na madaftari ya mbali, kama ya Google Colab, humkata kikao akikaa muda bila kazi, wala hayana SageMath mpaka aisakinishe upya kila mara. Kwa sababu hizo twaona kwamba mahali pa msimbo wa nje ni ndani ya mashine ya mtumiaji mwenyewe, usakinishwe mara moja kutoka nakala iliyowekwa katika seva ya idara, toleo lile lile kwa darasa zima. Na wingu liwe msaada wa dharura.

Kutokana na hayo yote twatoa hukumu yetu. Kwa majibu yenye shahidi, tumia tariki yoyote iliyo rahisi, na umwandike shahidi katika seli inayofuata. Kwa majibu yasiyo na shahidi, fupisha sanadi kadiri uwezavyo, taja programu na toleo lake na mlango ulioiitia, tangaza kila dhana kabla ya kuhesabu, funga kiini na uendeshe daftari zima kutoka juu hadi chini kabla ya kulitoa mkononi, na pale hesabu inapoubeba uzito wa tasnifu, irudie kwa mfumo wa pili uliojengwa na watu wengine. Nazo idara za hisabati, za Kakamega na za Maseno, za Bungoma na za Nairobi, twazisihi ziandike katika kanuni zao za uzamili sharti moja ambalo halihitaji bajeti: tasnifu yoyote yenye jibu lililotoka kwa kompyuta iambatishwe na daftari lake, na mtahini asitie sahihi mpaka yeye mwenyewe, katika mashine yake, ameliendesha na kupata jibu lile lile.